Utulivu wa akili na jeni zetu: Sayansi inasema nini?

Wiki hii, kwa uwezo wake Allah (Subhaanahu Wata'ala), tutazungumzia jambo ambalo wengi wanalisikia nusu nusu: kwamba mtu akikaa kwa utulivu na kuizuia akili yake isitangetange, hata jeni zilizomo mwilini mwake hubadilika utendaji. Wapo waliolisikia wakalipuuza, na wapo waliolisikia wakaacha vidonge vyao vya presha. Wote wamekosea, na inshaallah tutaona kwa nini.

Jeni huwashwa na kuzimwa

Jeni ni maelekezo tunayoyarithi kutoka kwa baba na mama, nayo yamo karibu katika kila chembe hai ya mwili. Maelekezo hayo huuongoza mwili katika kutengeneza protini. Lakini si yote yanayotumika kwa wakati mmoja. Chembe ya jicho na chembe ya ini zina jeni zile zile, ila kila moja hutumia zinazohusu kazi yake. Mfano wake ni nyumba yenye taa nyingi: nyaya ni zile zile, lakini taa ya jikoni huwashwa wakati wa kupika na ya chumbani huzimwa wakati wa kulala. Kuwaka na kuzimika huko hubadilika kutokana na chakula, maradhi, sigara na hata hofu. Nyaya zenyewe, yaani jeni tulizozaliwa nazo, hubaki vile vile.

Hofu inavyoingia mwilini

Chukulia mfano wa baba anayedaiwa kodi ya nyumba na ada ya watoto kwa wakati mmoja. Ubongo wake huhesabu kuwa kuna hatari, hivyo hupeleka amri kwenye tezi mbili zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, sukari huongezeka katika damu. Hali hii ni neema, kwani humwezesha mtu kukimbia moto au mnyama mkali.

Tatizo huja pale inapodumu miezi na miaka. Kwa kawaida kotisoli huzituliza chembe za kinga. Ikizidi kwa muda mrefu, chembe hizo huwa kama mtoto aliyezoea kukaripiwa: hazisikii tena. Hapo jeni zinazochochea uvimbe hubaki zimewaka. Uvimbe huu hauonekani kwa macho kama jipu. Ni wa chini kwa chini, na umehusishwa na maradhi ya moyo na kisukari cha ukubwani.

Watafiti walichokiona

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wazee 40. Waliofundishwa zoezi la kutuliza akili kwa wiki nane walipungukiwa na hisia za upweke, na jeni za uvimbe katika chembe za damu zao zilipungua nguvu.

Desemba 2013 ukatangazwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ulioshirikisha wataalamu wa Hispania na Ufaransa. Watu 19 wazoefu wa zoezi hilo walilifanya siku nzima, kiasi cha saa nane. Wengine 21 wasio wazoefu walipumzika mahali hapo hapo kwa shughuli nyepesi. Damu ilipimwa kabla na baada. Kwa wale wazoefu, jeni mbili za uvimbe, RIPK2 na COX2, zilipungua utendaji. Hii COX2 huhusika na kimeng'enya kile kile kinachozuiwa na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Waliochunguzwa ni wachache, na katika utafiti wa pili wazoefu walikuwa wamefanya zoezi hilo kwa miaka. Kupungua kwa utendaji wa jeni katika damu siku moja si sawa na kupona maradhi. Hakuna aliyethibitisha kuwa utulivu unachukua nafasi ya dawa.

Muislamu ajifunze nini?

Zoezi hilo chimbuko lake ni mafundisho ya Kibudha, na mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kulitumia hospitalini Marekani bila ibada zake. Muislamu hana haja ya kuazima ibada ya wengine. Suratur-Ra'd aya ya 28 imekwishatuelekeza kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah. Lakini tusiseme kwamba sayansi imethibitisha swala inazima jeni fulani, kwani hao hawakuchunguza swala. Tunaswali kwa kuwa tumeamrishwa. Utulivu ni katika fadhila zake.

Swali la kujiuliza ni hili: je, tunaswali kwa utulivu huo? Wengi wetu tunarukuu huku akili iko dukani. Basi tujaribu haya nyumbani:

1. Kabla ya takbira, simama kidogo, vuta pumzi taratibu na uzime simu.

2. Kila kisomo kipe haki yake, na usiinuke kutoka kwenye rukuu kabla viungo havijatulia.

3. Baada ya swala usikimbie. Leta adhkari ukiyafikiria unayoyatamka. Mawazo yakikutoroka, yarejeshe bila kujilaumu.

4. Lala mapema baada ya Isha, kwani kukosa usingizi nako huchochea uvimbe.

5. Endelea na vidonge vyako kama daktari alivyoelekeza, na upime presha kila mara. Presha inaweza kuwa juu nawe unajiona mzima kabisa.

Na kama huzuni imezidi wiki mbili, huli wala hulali, au mtu akikaa kimya ndipo kumbukumbu mbaya humjia kwa nguvu, asiambiwe imani yake ni ndogo. Huyo ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) ametufundisha kutafuta tiba, na kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Allah.

Tunamuomba Allah atujaalie nyoyo zilizotulia na miili yenye afya. Wabillahi tawfiq.