Mlango Unaotazama Ziwa

Swali: Fundi, mlango wangu wa mninga hapa Musoma unatazama ziwa. Kila mwaka napaka vanishi, kila mwaka inabanduka. Nifanyeje?

Jibu: Huenda unatumia vanishi ya ndani. Jua hupenya vanishi hiyo na kuharibu uso wa mbao, ikakosa pa kushika. Ikishapasuka, mvua huingia chini yake. Tafadhali usipake juu ya iliyobanduka. Piga msasa mpaka ufikie mbao safi, kisha tumia vanishi ya nje yenye kinga ya jua, mikono mitatu, ukipitisha msasa laini kila mkono ukikauka.

Sasa inama utazame ukingo wa chini wa mlango. Mara nyingi haujaguswa na brashi kabisa, na ncha za mbao zilizokatwa ndizo zinazonywa maji zaidi. Ung'oe mlango kwenye bawaba, uanzie huko.

Na kama fremu zako ni za paini, mimi ningepiga praima na rangi ya mafuta. Rangi huzuia jua kuliko vanishi yoyote angavu. Ukichagua mafuta ya kitani, usirundike matambara yaliyolowa: yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.