SOMO: Kinachoizuia Pikipiki Ndogo Kuongeza Mbio

Katika vijiwe vya bodaboda vya kata zetu kuna swali lisilokwisha: mbona pikipiki mbili za aina moja, zenye injini ya sentimita za ujazo 125, hazilingani kwa mbio? Mwendeshaji anayeachwa nyuma hukimbilia kwa fundi ili abadilishiwe sproketi. Kabla ya fedha hiyo kutoka mfukoni, yafaa kufahamu kinachoizuia pikipiki.

Kizuizi kikubwa ni hewa. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara nne, na nguvu ya kuushinda huwa mara nane. Kutoka kilometa 80 kwa saa hadi 100 huhitaji nguvu ya kuishinda hewa karibu maradufu, ilhali injini ya kiasi hicho ina nguvu farasi zipatazo 10 tu. Koti linalopeperuka, mwavuli uliofungwa juu ya usukani, au magunia yaliyotanuka pembeni hula nguvu hiyo bila mwendeshaji kutambua. Uzito, ambao ndio hulaumiwa zaidi, huonekana hasa mlimani na wakati wa kuondoka. Katika tambarare athari yake ni ndogo.

Sasa sproketi. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42: ya mbele huzunguka mara 3 gurudumu likizunguka mara moja. Ya nyuma ikiwekwa yenye meno 38, uwiano hushuka hadi 2.7, na kwa hesabu ya karatasi mwendo umeongezeka kwa asilimia 10. Lakini msukumo wa gurudumu nao umepungua kwa takriban kiasi hicho, na injini iliyokwisha kuelemewa na hewa haifikii tena mizunguko yake ya awali. Pengine pikipiki hiyo hukimbia zaidi katika gia ya nne kuliko ya tano. Na mlimani, ikiwa na abiria, klachi huungua. Nimewaona vijana wakilipa mara mbili: kuibadilisha, kisha kuirudisha.

Mwinuko nao una sehemu yake. Mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa yapata moja ya tano kuliko Tanga, hivyo injini ileile hupata pumzi pungufu. Hilo si kosa la fundi.

Pikipiki iliyopoteza mbio zake za zamani, kwa kawaida, ina chujio lililojaa vumbi, cheni iliyokazwa mno au iliyokauka, breki inayogusa gurudumu, au matairi yenye upepo mdogo. Hayo yatazamwe kwanza, nayo hayagharimu sana.

Sheria yetu inaruhusu kilometa 50 kwa saa ndani ya makazi. Kwa mwendo huo, mwendeshaji husafiri mita 14 katika sekunde moja kabla ya kukamata breki; kwa 80, mita 22. Sproketi mpya haiongezi breki. Mtoto akitokea mita 35 mbele, barabara ikiwa kavu na breki nzima, mwenye 50 atasimama kabla ya kumfikia. Mwenye 80 atamfikia akiwa bado katika mwendo unaozidi kilometa 60 kwa saa.