Lugha ya Fundi: Ubadilishaji wa Bushi za Stebilaiza ya Nyuma na Nafasi ya Kiswahili katika Maandishi ya Kiufundi

Utangulizi

Katika gereji za jua kali zilizo karibu na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, eneo ambalo wengi hulijua kwa jina la Grogan, mafundi wa magari hufanya kazi kutwa kucha huku wakizungumza Kiswahili. Fundi aliyelala chini ya gari hunyosha mkono na kumwambia mwanagenzi wake: "Nipe kumi na nne. Legeza kwanza, usifungue." Mwanagenzi humkabidhi spana namba 14 na kulielekea gurudumu. Hakuna asiyeelewa. Hata hivyo, agizo hilo halipatikani katika kitabu chochote mbele yao. Kitabu cha gari, kama kipo, kimeandikwa kwa Kiingereza au Kijapani.

Ipo dhana iliyokita mizizi kwamba Kiswahili hakiwezi kumudu taaluma za kiufundi kwa sababu kina uhaba wa msamiati. Makala haya yanadhamiria kuichunguza dhana hiyo kwa kuifuata kazi moja ndogo ya gereji, yaani kubadilisha bushi za stebilaiza ya nyuma zilizochakaa, kuanzia dalili za kwanza hadi bolti ya mwisho. Hoja ya msingi ni kwamba maarifa ya kazi hii yamo tayari ndani ya lugha, hasa katika vitenzi vyake. Kinachokosekana ni maandishi, na ukosefu huo una gharama.

Kifaa na Kazi Yake

Stebilaiza ni ufito wa chuma uliopinda pande zote mbili, ambao hukaa kwa kukingama chini ya gari na kuyaunganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia. Katika magari mengi yenye magurudumu ya nyuma yanayopanda na kushuka kila moja kivyake, mathalani Subaru Forester, ufito huu hupatikana mbele na nyuma. Katikati yake hushikiliwa na bushi mbili za mpira, moja kila upande, na kila bushi hubanwa na kipande cha chuma kiitwacho braketi. Ncha za ufito huungana na mikono ya magurudumu kwa vipande vifupi vinavyoitwa linki.

Gari linapokata kona, kiwiliwili chake hutaka kulalia upande wa nje. Gurudumu moja huwa juu kuliko jingine ukilinganisha na kiwiliwili hicho, na ufito husokotwa. Kwa kuwa chuma chake hukataa kusokotwa, nguvu huhamishwa kutoka upande mmoja hadi wa pili na gari hupunguziwa mlalo. Iwapo magurudumu yote mawili yatapanda tuta kwa pamoja, ufito huzunguka tu ndani ya bushi bila kusokotwa. Kwa hiyo bushi ina kazi mbili zinazokaribia kupingana: kuushika ufito usichezecheze, na kuuacha uzunguke.

Mpira huzeeka. Joto, vumbi, matope na mafuta huufanya ugumu, upasuke au ulike. Tundu la bushi hupanuka, na ufito uliokuwa umebanwa barabara hupata nafasi ya kugonga chuma. Hapo ndipo mwenye gari huanza kusikia sauti.

Dalili na Tanakali za Sauti

Mwenye gari hafiki gereji akiwa na jina la kifaa kilichoharibika. Hufika na sauti. Husema kwamba nyuma kunagonga "ko! ko! ko!" anapopita kwenye matuta au mashimo, au kwamba kunalia "nyii" gari linapoyumba polepole. Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuziainisha tanakali za sauti kama pambo la masimulizi. Kwenye gereji, tanakali ni ushahidi. "Ko" ni chuma kugonga chuma, dalili ya uwazi uliojitokeza. "Nyii" ni mpira mkavu unaosuguana na ufito, na huenda bushi bado haijalika sana.

Fundi mwangalifu hatosheki na tanakali peke yake, kwani linki iliyolegea au kishikizo cha shokabsoba kilichochakaa huweza kutoa mlio unaofanana na huo. Huingia chini ya gari lililoegemezwa salama, huchomeka mtaimbo mdogo karibu na braketi na kuusukuma ufito taratibu. Ufito ukicheza ndani ya bushi huku bolti zikiwa zimekaza, uamuzi umepatikana. Naye huutangaza kwa kitenzi: bushi "zimekwisha", "zimekufa" au "zimelika". Vitenzi hivi havina maana moja. "Kwisha" husema kwamba muda wa matumizi umefika kikomo. "Kufa" husema kwamba kifaa hakifanyi kazi tena. "Kulika", kitokanacho na kitenzi "la" katika kauli ya kutendeka, hueleza namna hasa uharibifu ulivyotokea: kidogo kidogo, kwa msuguano. Cha tatu ndicho kinachofaa zaidi maandishi ya kiufundi, kwa kuwa hubeba sababu ndani yake.

Hatua za Kazi

Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu. Magurudumu ya mbele huzuiwa kwa vigingi au mawe, mbele na nyuma. Hatua hii haipaswi kurukwa, kwa sababu katika magari mengi breki ya mkono huyashika magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo yatakayoinuliwa. Nati za magurudumu ya nyuma hulegezwa gari likiwa bado chini. Kisha gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi mbili za chuma katika sehemu zilizoainishwa na mtengenezaji. Jeki ni ya kuinulia, wala si ya kuegemezea. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Baada ya hapo nati hufunguliwa na magurudumu kuondolewa. Magurudumu yote mawili ya nyuma sharti yawe yameinuliwa kwa usawa, kwa maana upande mmoja ukibaki chini ufito utakuwa umesokotwa, na utaruka pindi braketi itakapofunguliwa.

Bolti za braketi hupigwa brashi ya waya na kutiwa mafuta ya kulegeza kutu. Kichwa cha bolti hizi mara nyingi huhitaji spana namba 12 au 14. Bolti iliyoganda haivutwi kwa pupa, kwani ikikatikia ndani kazi ya saa moja huweza kuwa ya siku nzima. Zikishafunguliwa, braketi hubanduliwa na bushi kuukuu kuchomolewa kupitia mpasuko wake. Kabla ya kuichomoa, fundi hutazama mpasuko umeelekea wapi, kwa kuwa bushi mpya itafuata mwelekeo uo huo.

Ufito husafishwa hadi kutu na mchanga viishe mahali bushi inapokaa, kisha unene wake hupimwa kwa milimita. Magari ya aina moja huweza kuwa na fito za unene tofauti kulingana na toleo, na bushi iliyozidi hata milimita moja itaanza kugonga mapema. Bushi mpya hutanuliwa, huvishwa ufito na kusukumwa mahali pake. Ikiwa mtengenezaji ameagiza kilainishi, hutumiwa grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida itokanayo na mafuta ya petroli huuvimbisha na kuuharibu mpira wa asili. Bushi hubadilishwa zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, ili pande mbili zishike kwa nguvu sawa.

Braketi hurudishwa. Bolti huanzishwa kwa vidole, halafu hukazwa kwa zamu, na hatimaye hukaziwa kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji kwa kutumia spana ya kupimia nguvu. Magurudumu hurudishwa na nati kukazwa kiasi, gari hushushwa, na nati hukazwa kabisa likiwa chini. Mwisho gari huendeshwa polepole juu ya matuta, na bolti hukaguliwa tena.

Uchanganuzi wa Vitenzi

Maelezo yaliyotangulia hayakuhitaji kitenzi hata kimoja cha kukopwa kutoka Kiingereza. Jambo hili si la sadfa. Kazi ya kubadilisha kifaa ni kutengua na kurejesha, na Kiswahili kina kauli mahususi kwa ajili hiyo, yaani kauli ya kutendua: funga na fungua, chomeka na chomoa, bandika na bandua. Anayejua nusu ya kwanza ya kazi hupewa nusu ya pili na mofolojia.

Kauli ya kutendesha nayo hutenganisha kinachotokea chenyewe na kinachofanywa na mtu. Ufito "huzunguka" ndani ya bushi, ilhali fundi "huzungusha" spana. Bolti "ikilegea" hiyo ni hitilafu. Bolti "ikilegezwa" hiyo ni kazi. Tofauti ya viambishi hapa ni tofauti kati ya ajali na utaratibu. Aidha, kauli ya kutendea huonyesha ala: spana ya kukazia, jeki ya kuinulia, stendi ya kuegemezea.

Mfano ulio muhimu kuliko yote ni ule wa agizo la fundi katika utangulizi: "Legeza kwanza, usifungue." Kulegeza ni kuondoa mkazo huku nati ikibaki mahali pake. Kufungua ni kuiondoa kabisa. Nati hulegezwa gari likiwa chini, na hufunguliwa likiwa limeinuliwa. Anayezifungua kabisa gari likiwa bado chini huacha gurudumu bila kitu cha kulishika gari linapoinuliwa. Anayesubiri gari liinuliwe ndipo ahangaike na nati iliyoganda, huvuta kwa nguvu zake zote gari ambalo limesimama juu ya jeki, na gari hilo huweza kuanguka. Mfasiri atakayeyachukulia maneno haya kuwa visawe hatakuwa amekosea mtindo tu, bali atakuwa amemweka msomaji hatarini. Fundi asiyewahi kusoma nadharia ya semantiki huitunza tofauti hiyo kila siku, kwa sababu uhai wake unaitegemea.

Uchanganuzi wa Nomino na Istilahi

Kwa upande wa nomino, hali ni tofauti. Bushi, bolti, nati, jeki, spana, grisi, braketi, linki na stebilaiza zote zimetoka katika Kiingereza. Maneno haya yameingia kwa kufuata kanuni za sauti za Kiswahili. Neno lililoishia kwa konsonanti huongezewa irabu: /i/ katika bushi, jeki na grisi, na /u/ baada ya sauti ya midomo kama katika pampu. Yaliyoishia kwa silabi hafifu huchukua /a/, kama stebilaiza na kabureta. Mengi hujiunga na ngeli ya I-ZI, bushi hii na bushi hizi, ingawa "mabushi" pia husikika katika mazungumzo.

Je, ukopaji huu ni dosari? Historia ya lugha inajibu. "Gari" lenyewe ni neno lenye asili ya Kihindi, na "parafujo" lilitoka kwa Wareno. "Usukani" ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa motokaa. Kiswahili kimekuwa kikikopa na kupanua maana kila kilipokutana na kifaa kipya, na hakikupoteza uti wake wa mgongo.

Tatizo halisi ni kutokuwapo kwa usawa. Kifaa ambacho fundi mmoja hukiita shokabsoba, mwingine hukiita shokapu. Kwa "springi" lipo pia neno "kamani", linalojulikana zaidi kwa springi ya saa. Tofauti kama hizi hazimsumbui anayeweza kunyosha kidole akasema "hicho hapo". Humsumbua msomaji, kwa sababu maandishi hayana kidole. Njia inayofaa ni kulipokea neno lililokwisha kuzoeleka, kuliandika kwa tahajia moja, na kulieleza kwa maneno machache linapotajwa mara ya kwanza. "Bushi" ni fupi, limetulia na linaeleweka; kulibunia mbadala ni kumtwisha fundi mzigo asiouhitaji. "Stebilaiza" ni refu, lakini likieleezwa kuwa ni ufito wa kupunguza mlalo wa gari, msomaji hatapotea.

Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo hupata maana pale ambapo mwanagenzi anaweza kusoma, kwa lugha anayoifanyia kazi, kwa nini haifai kuingia chini ya gari lililo juu ya jeki. Kwa sasa maarifa hayo hupitishwa kwa mdomo, na akiondoka fundi mmoja huondoka na sehemu yake.

Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili, basi, haiishii maktabani. Gereji ina tanakali zinazosubiri kuainishwa, vitenzi vinavyosubiri kufafanuliwa na tahajia zinazosubiri kuoanishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bushi iliyolika hubadilishwa ingali bushi, kabla haijaharibu braketi na ufito. Lugha nayo huandikwa ingali midomoni mwa wanaoijua kazi.