Somo la Sita: Benki ya Chakula na Namna ya Kuitegemea

Katika masomo yaliyotangulia tulieleza kodi ya nyumba, bili ya umeme na mikopo ya haraka. Fedha zinapopungua, malipo hayo hutangulizwa kwa sababu yana tarehe na adhabu. Chakula hakina tarehe wala adhabu ya maandishi, na hivyo ndicho kinachopunguzwa. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza benki ya chakula, ingawa chakula chake hakiuzwi.

Somo hili linawalenga wasomaji wa Kiswahili waishio Marekani. Baadhi yao, hasa waliotoka Kongo na kukaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu au Kakuma, wanaujua mgao unaohesabiwa kwa kadi na kwa idadi ya watu wa nyumba. Aliyezoea hesabu hiyo hushangaa anapofika kituoni Marekani na kupewa katoni mbili za nafaka ya kiamsha kinywa, viazi vilivyoanza kuchipua, na keki ya siku ya kuzaliwa ambayo mwenyewe hakuja kuichukua. Hakuna aliyemdharau. Ndivyo utaratibu wenyewe ulivyo, na ni vema kuufahamu kabla ya kuutegemea.

Kwanza, jina. Benki ya chakula ni ghala kubwa, na kwa kawaida mwananchi haendi huko. Ghala hupokea chakula, hukichambua na kukipeleka kwenye vituo vidogo vya ugawaji, vingi vikiwa makanisani, mashuleni na katika kumbi za mitaa, ambako watu wa kujitolea hukigawa. Ghala la kwanza la namna hii lilianzishwa na John van Hengel mjini Phoenix, Arizona, mwaka 1967. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa mama mmoja aliyekuwa akiwalisha watoto wake kwa chakula kizuri kilichotupwa nyuma ya duka. Leo mtandao mkubwa kuliko yote nchini, Feeding America, una maghala yapatayo 200 na washirika wapatao 60,000 wanaogawa chakula au kupika.

Chakula hicho hutoka wapi? Sehemu ni ziada ya maduka, viwanda na mashamba. Sheria ya mwaka 1996 huwakinga wanaotoa kwa nia njema wasishtakiwe. Sehemu nyingine hununuliwa na serikali kuu chini ya mpango uitwao TEFAP, na sehemu hununuliwa kwa fedha za wafadhili. Kwa hiyo kituo hugawa kilichopo, si kile ambacho familia inakihitaji. Wiki moja maharagwe ni tele, wiki inayofuata hakuna hata kopo.

Hapo ndipo penye ugumu kwa anayekitegemea. Vituo vingi huruhusu familia mara moja kwa mwezi au mara moja kwa wiki. Vingine huhudumia wakazi wa eneo fulani tu, na saa za kufungua mara nyingi ni za asubuhi katikati ya juma, wakati mwenye kazi ya kiwandani yuko zamu. Anayekosa mshahara wa nusu siku ili asimame foleni amekwisha kulipia chakula hicho, na afanye hesabu kama kinafidia. Mtandao wenyewe wa Feeding America husema kwamba kwa kila mlo mmoja unaoutoa, mpango wa serikali wa SNAP hutoa milo tisa. Kituo hakikuundwa kulisha nyumba mwezi mzima.

Tunashauri kwenda kituoni kabla ya kwenda dukani. Familia inayonunua mchele Jumatatu na kupewa mchele Jumatano imepoteza fedha ambazo zingenunua mafuta, vitunguu au nyama. Piga simu kwanza. Namba 211 huelekeza vituo katika sehemu nyingi za nchi, na ukitaja neno «Swahili» unaweza kuunganishwa na mkalimani. Uliza siku, saa, na karatasi zinazotakiwa. Kwa chakula cha TEFAP, kwa kawaida mtu hutaja jina, anwani na idadi ya watu wa nyumba, kisha hutia saini tamko kwamba kipato chake hakizidi kiwango cha jimbo. Kutia saini tamko la uongo ni kosa. Kuwa na kazi si kosa.

Soma vibandiko. Maharagwe ya kopo huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, ambayo huandikwa «lard», na asiyeyala ana haki ya kukirudisha kopo hilo mezani bila kuomba radhi. Tarehe iliyoandikwa «Best by» huonyesha ubora tu. Tambi au kopo lililopita tarehe hiyo kwa kawaida bado hulika. Maziwa ya unga ya watoto wachanga hayamo katika ruhusa hii: yakipita tarehe, usiyatumie. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea sana kwenye mshono litupwe bila kuonjwa.

Chakula cha TEFAP ni bure. Anayedai ada ya kukuandikisha anakudanganya, hata kama anazungumza lugha yako. Kituo hakiruhusiwi kukulazimisha kusali, kuhudhuria ibada au kufanya kazi ndipo upewe chakula hicho, wala kukubagua kwa asili yako. Ukitendewa hivyo, andika tarehe na mahali, kisha upeleke lalamiko katika ofisi ya jimbo inayosimamia mpango. Nawe usikiuze chakula ulichopewa, ni marufuku.

Mwisho, usikate tamaa na mipango mingine kwa kusikia habari mtaani. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilipunguza makundi ya wahamiaji wanaostahili SNAP, na wakimbizi wamo miongoni mwa walioguswa. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa Marekani huweza kuombewa hata kama mzazi hastahili, na aliyekwisha kupata kadi ya ukaazi wa kudumu aulize upya. Mama mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye mtoto wa chini ya miaka 5 aulizie mpango wa WIC. Mzee aliyetimiza miaka 60 aulize kituoni kwake kama kuna sanduku la kila mwezi la wazee. Sanduku hilo lina orodha yake, na mara nyingi halitajwi mpaka liulizwe.