"Nyumba kwa Nyumba": Matumizi Sahihi ya Fungu Moja la Maneno katika Matangazo ya Afya, Migori na Homa Bay

Utangulizi

Kiingereza kina mafungu ya maneno yanayoungwa kwa vistari vifupi ili yatumike kama neno moja. Mojawapo ni "door-to-door", ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hulikuta kila anapotafsiri habari za uchaguzi, uchuuzi, sensa au afya. Fungu hili limezaa tafsiri kadhaa: nyumba kwa nyumba, nyumba hadi nyumba, mlango kwa mlango na mlango hadi mlango. Je, zote zina maana moja? Makala hii inanuia kuonyesha kwamba hazina, na kwamba tofauti zake si mapambo ya lugha tu.

Muktadha wetu ni kaunti za Migori na Homa Bay, zilizo kando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ni tisho la muda mrefu. Mwaka 2017 dawa ya kuua mbu ilinyunyizwa ndani ya nyumba katika Migori, na mwaka 2018 Homa Bay nayo ikaingizwa katika kampeni hiyo. Dawa hupigwa kutani kwa kuwa aina ya mbu wanaolengwa hutua hapo baada ya kufyonza damu. Kinga hiyo huwa imara zaidi nyumba nyingi za kijiji zinaponyunyiziwa. Kwa hivyo, tangazo lisiloeleweka laweza kuacha nyumba bila kinga. Mifano ya sentensi iliyomo humu tumeitunga kwa ajili ya somo hili.

Kistari na A-unganifu

Katika Kiingereza, vistari huwekwa fungu hili linapotangulia nomino na kuivumisha. Likifuata kitenzi, kwa kawaida huandikwa bila vistari. Kiswahili hakihitaji vistari hapa. Kazi hiyo hufanywa na kihusishi cha A-unganifu. Tazama:

(1) Wanyunyizaji watapita nyumba kwa nyumba.
(2) Unyunyizaji wa nyumba kwa nyumba utaanza Jumatatu.
(3) *Unyunyizaji nyumba-kwa-nyumba utaanza Jumatatu.

Katika (1), fungu letu ni kielezi: laeleza jinsi wanyunyizaji watakavyopita. Katika (2), linavumisha nomino "unyunyizaji", na ndiyo maana limetanguliwa na "wa". Sentensi ya (3) si sanifu, kwani mwandishi ameazima vistari na kuiacha A-unganifu.

Aidha, A-unganifu hupatana na nomino inayovumishwa, wala si na neno "nyumba" linaloifuata. Twasema zoezi la nyumba kwa nyumba, wahudumu wa nyumba kwa nyumba, mahojiano ya nyumba kwa nyumba. Kanuni hiyo hiyo huongoza mafungu mengine ya jamii hii: "Walizungumza ana kwa ana", lakini "mazungumzo ya ana kwa ana".

"Kwa" au "hadi"?

Neno "hadi" huonyesha kikomo: kutoka Rongo hadi Isebania. Lafaa, basi, pale tunapotaka kusisitiza mwendo: "Walitembea kutoka nyumba hadi nyumba." Neno "kwa" likiwekwa kati ya nomino mbili zinazofanana, aghalabu huleta dhana ya mgawanyo au mfuatano: hatua kwa hatua, mwaka kwa mwaka. Katika unyunyizaji, jambo kuu ni kila nyumba kufikiwa. Mwendo wa wahudumu ni njia tu. Hatudai kwamba "nyumba hadi nyumba" ni kosa. Twadai kwamba "nyumba kwa nyumba" hubeba ujumbe huu vizuri zaidi.

Mwanafunzi anayezungumza Kijaluo ana msaada karibu. Katika lugha hiyo husemwa "pile ka pile", yaani siku baada ya siku. Neno hurudiwa, kiungo kidogo hukaa katikati, na hakuna kistari.

Mlango, nyumba au boma?

Hapa ndipo penye uzito wa mada yetu. Kiingereza hutaja mlango kwa kuwa mlango husimama badala ya makao yote. Lakini boma la Kijaluo, liitwalo "dala", huweza kuwa na nyumba kadhaa. Katika boma la mitala, kila mke ana nyumba yake, "ot"; mwana wa kiume aliyekua hulala katika nyumba yake, iitwayo "simba", jina ambalo mtafsiri asilichanganye na mnyama wa mwituni. Sasa linganisha:

(4) Wahudumu watapita boma kwa boma.
(5) Wahudumu watapita mlango kwa mlango.
(6) Wahudumu watapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inayolalwa, simba zikiwemo, itanyunyiziwa.

Anayesikia (4) aweza kudhani kwamba nyumba ya mwenye boma ikishanyunyiziwa kazi imekwisha. Sentensi ya (5) haina kosa la kisarufi, ila msikilizaji hana budi kukisia iwapo wahudumu wataingia ndani au wataishia mlangoni. Ni (6) pekee inayomhakikishia kijana alalaye katika simba kwamba naye amekumbukwa, na kumwambia atoe vyombo vyake nje mapema.

Hii haimaanishi kwamba "nyumba" ndilo neno la kila muktadha. Katika sensa ya Agosti 2019, watu walihesabiwa kwa kaya. Hapo "kaya kwa kaya" lingefaa, kwani nyumba moja yaweza kuwa na kaya mbili. Mwanasiasa anayeomba kura huenda akatosheka na "boma kwa boma". Kinachoamua ni kile kinachopaswa kufikiwa.

Zoezi

Msomaji ajaribu kusahihisha sentensi hizi kabla ya kutazama majibu:

(a) *Mahojiano nyumba-kwa-nyumba yalifanyika Mbita.
(b) *Wahudumu ya nyumba kwa nyumba wamefika Awendo.
(c) *Huko Ndhiwa chanjo itatolewa kwa nyumba-hadi-nyumba.

Majibu: (a) Mahojiano ya nyumba kwa nyumba yalifanyika Mbita. (b) Wahudumu wa nyumba kwa nyumba wamefika Awendo. (c) Huko Ndhiwa chanjo itatolewa nyumba kwa nyumba.

Hitimisho

Tumeona kwamba fungu hili halihitaji vistari katika Kiswahili. Huhitaji A-unganifu linapovumisha nomino, na husimama peke yake linapokuwa kielezi. Muhimu zaidi, tumeona kwamba mtafsiri hapaswi kuuhamisha mlango wa Kiingereza kabla ya kujiuliza ni nani wanaolala bomani na wanalala wapi. Akishajua hilo, neno lifaalo halitamsumbua.