SOMO LA ROBO HII: Jiwe la Kusagia, Matunzo Yake, na Swali Moja la Kuuliza



Mashine za kusaga zimefika vijijini, lakini kule Genkuru, Tarime, kibaba kimoja cha ulezi wa uji hakimpeleki mama mashineni. Husagia nyumbani, jiweni. Torati nayo ilijua uzito wa chombo hiki: Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua mawe ya kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake.

Jiwe jipya halisagi chakula siku ya kwanza. Lioshe kwa maji na brashi ngumu, bila sabuni, maana jiwe hunywa harufu. Lianike likauke kabisa. Kisha saga konzi ya mahindi meupe makavu, si ulezi. Hapa wengi hukosea: unga wa ulezi ni wa kahawia, hivyo vumbi la jiwe hujificha ndani yake. Unga wa kwanza wa mahindi utatoka na rangi ya majivu, mwaga. Rudia mara nne, tano au zaidi, mpaka utoke mweupe. Mwisho weka chembe kidogo kati ya meno ya mbele. Kama kuna mchanga utausikia. Sisi wenyewe tuliwahi kuruka hatua hii, na ugali ukatuaibisha mbele ya wageni.

Jiwe likilainika, nafaka huteleza. Hapo hugongwagongwa kwa jiwe gumu zaidi au patasi ili lipate ukali tena. Watoto wakae mbali, vipande huruka machoni. Baada ya kugonga, oshaneni na vumbi upya: mahindi meupe tena, na unga wa kwanza kumwagwa. Kila siku baada ya kusaga, pangusa mabaki, maana unga uliolowa huota ukungu. Usilikaushe motoni, hupasuka.

Sasa jambo lililotufanya tuandike. Genkuru ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, na eneo lile lina wachimbaji wadogo. Mwamba wa dhahabu nao hupondwa na kusagwa, na zebaki hutumika kukamata dhahabu. Jiwe, kinu au mchi uliopita huko usirudi jikoni kamwe. Vitundu vya jiwe hushika vumbi na zebaki, na hakuna kuosha kunakotosha.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya madini ya risasi, baada ya mwamba wa dhahabu kusagwa majumbani, mara nyingine kwa mashine zilezile za nafaka. Hatusemi mwamba wa Tarime una risasi kama ule. Lakini zebaki peke yake inatosha kututia hofu, hasa kwa wajawazito na watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Kamati za sharika, mnapotembelea kaya au kununulia kikundi mawe yaliyotumika, ulizeni kwanza: jiwe hili limesaga nini? Jibu likiwa na mashaka, lipakeni rangi nyekundu na litolewe jikoni siku hiyohiyo. Nanyi wafadhili, mkiona katika bajeti yetu jozi mpya ya mawe kwa kaya ambayo tayari inayo, sababu ndiyo hiyo.