SWETA IKIHARIBIKA KABLA YA MUHULA KWISHA: JE, PESA HURUDI?

Katika kurasa za chama chetu tumezoea kusoma juu ya ngeli, methali na mashairi. Leo nimeomba nafasi niandike juu ya sweta. Usicheke. Hapa Nyahururu tuko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sisi wanafunzi wa kutwa hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Isitoshe, bila sweta ya rangi ya damu ya mzee, mwalimu wa zamu hakuruhusu kupita langoni. Kwa hivyo ikiharibika upesi, mzazi hana budi kutia mkono mfukoni mara ya pili katika muhula mmoja. Je, mzazi huyo ana haki ya kurudishiwa pesa zake?

Wengi hujibu haraka kwamba rahisi ni ghali, na mwenye kununua cha bei ya chini asilalamike. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mama yangu huuza mboga sokoni. Mwezi wa Januari sweta nzuri ilikuwa shilingi 1,400, naye akanunua ya 850 kwa sababu hizo ndizo pesa zilizobaki baada ya karo. Bei ya chini yaweza kumaanisha uzi mwepesi au kola isiyo na madoido. Haimaanishi sweta isiyovalika.

Kwanza tujue sweta huharibika vipi, maana ukienda dukani bila kujua hilo utazungushwa tu. Kitambaa cha shati hutengenezwa kwa nyuzi zinazopishana, moja juu na nyingine chini. Sweta ni vitanzi vya uzi, kila safu ya vitanzi imeshikilia safu iliyoitangulia. Ndiyo maana hunyumbulika, na ndiyo maana pia kitanzi kimoja kikikatika vingine hufunguka kwa mstari kama ngazi. Sweta za hali ya juu hufumwa kila kipande kwa umbo lake, mkono kama mkono na kifua kama kifua, kisha vipande huunganishwa. Nyingi za bei ya chini hukatwa kwa makasi kutoka kwenye kitambaa kipana kilichofumwa kwa mashine, halafu kingo hufungwa kwa ovaloki. Njia hiyo si mbaya yenyewe. Shida huja ovaloki ikishika ukingo kidogo mno: kwapa likivutwa siku chache, mshono huachia na vitanzi huanza kukimbia.

Kisha kuna vile vijipira vinavyoota kifuani na kwenye viwiko. Sweta nyingi za shule ni za akriliki, si za sufu. Uzi uliosokotwa kwa ulegevu hutoa nyuzinyuzi zake nje unaposuguana na dawati au mkoba, nazo zikajiviringisha. Vijipira vya sufu hudondoka baada ya muda, lakini vya akriliki hung'ang'ania kwa sababu nyuzi zake ni imara. Ukiwa dukani geuza sweta ndani nje, uangalie makwapa, kisha vuta ukingo wa mkono na kuuachilia. Ukibaki wazi kama mdomo wa gunia, mrudishie mwenyewe palepale na uende zako.

Sasa tuje kwenye sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya tangu zama za ukoloni, inasema kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani huwa ameahidi, hata kama hakutamka neno, kuwa zinafaa kwa kazi yake. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikaongeza jambo tamu: maneno yoyote ya kuiondoa ahadi hiyo ni batili. Kwa hivyo lile bango la "Bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" haliwezi kukufungia mlango ikiwa bidhaa ina kasoro.

Nimesema kasoro, na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotufaa. Kuna kasoro na kuna uchakavu. Kasoro ni ubovu uliokuwemo tangu siku ya kuuzwa, hata kama ulijificha. Uchakavu ni kuisha kwa kutumiwa. Ukiivaa sweta miaka miwili na kiwiko kikatoboka, huo ni uchakavu, usimsumbue mtu. Ukiifua kwa maji moto ikanywea, hiyo si kasoro wala si kosa la muuzaji. Ukibadilisha tu nia kwa kuwa rafiki yako amepata nzuri zaidi, muuzaji halazimiki kukurudishia hata ndururu. Vilevile kama uliikagua na tundu lilikuwa wazi mbele ya macho yako, huwezi kuja kudai kesho. Na usikawie! Ukikaa na kitu muda mrefu bila kulalamika, sheria huchukulia kwamba umekikubali. Hapo waweza kudai fidia ya upungufu wa thamani, lakini si kukirudisha na kuchukua pesa zote.

Sweta yangu ilianza kuota vijipira baada ya kufuliwa mara moja, tena kwa maji baridi. Wiki ya tatu mshono wa kwapa la kulia ukaachia na ngazi ikashuka hadi ubavuni. Mama alikuwa ameitunza risiti ndani ya Biblia, pahali pasipopotea kitu kwetu. Tulikwenda dukani jioni hiyohiyo.

"Mama, hii mtoto amecheza nayo mpira," muuzaji akasema.

"Baba, hebu tazama kwapa la kushoto, ambalo bado halijapasuka," mama akamjibu kwa upole. "Ovaloki imeshika uzi mmoja tu. Mtoto ameshonaje hilo?"

Muuzaji akaguna, akasema atabadilisha lakini pesa hatoi. Mama akaomba aonyeshwe hiyo nyingine. Tulizigeuza tatu ndani nje, zote zilikuwa na kwapa la namna ileile. Basi tukarudi nyumbani na sweta yetu, nami nikashika kalamu. Mnunuzi ni mama, si mimi, kwa hivyo barua niliiandika kwa jina lake naye akatia sahihi. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Mnamo tarehe 12 Januari nilinunua kwako sweta moja ya shule kwa shilingi 850. Nakala ya risiti imeambatishwa. Baada ya wiki tatu za kuvaliwa shuleni na kufuliwa kwa maji baridi, mshono wa kwapa umeachia kwa sababu ukingo haukushikwa vya kutosha. Hiyo ni kasoro ya utengenezaji. Sweta ulizonionyesha za kubadilisha zina kasoro hiyohiyo. Naomba unirudishie shilingi 850 katika muda wa siku saba, nami nitakukabidhi sweta."

Utaona hakuna matusi, na hakuna neno "mwizi". Kuna tarehe, kiasi, kasoro, ombi na muda. Barua iwe nakala mbili, moja ubaki nayo. Muuzaji alitupa shilingi 500 siku ya tano na 350 siku ya soko iliyofuata, akalalamika kwamba naye aliuziwa mzigo mbaya. Namwamini. Lakini yeye ndiye anayemjua aliyemuuzia, na sheria hiyohiyo yamruhusu kumdai.

Na muuzaji akikataa kabisa? Malalamiko ya wanunuzi hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na yale ya ubora wa bidhaa na KEBS. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na huhitaji wakili. Kwa maoni yangu, kwa sweta moja nauli na siku za kazi zitamaliza faida. Afadhali wazazi kumi walionunua mzigo uleule waende dukani pamoja, kila mmoja na risiti yake.

Kwa mchuuzi anayetembea na bidhaa begani ni shida, kwa kuwa kesho hujui yuko wapi. Kwake kagua mara mbili.

Aliye na sweta yenye kasoro na risiti haijapotea, anione Kidato cha Tatu Kusini wakati wa mapumziko ya saa nne. Karatasi alete yeye, barua tutaiandika pamoja.